Picha na Heshima ya Mtu

Hotuba ya Kamati iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Tumepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wataliona dogo, mkililinganisha na hesabu ya fedha iliyosomwa asubuhi hii. Jambo lenyewe ni picha: zile picha tunazowapiga ndugu zetu wenye ulemavu wa viungo, tukazitia katika kijitabu hiki cha mwaka, tukazitundika ukumbini, na siku hizi tukazituma kwa simu hata kwa watu tusiowajua. Twawaomba mtusikilize kwa subira, kwa kuwa maneno yetu yatuhusu sisi wenyewe kwanza, nayo yaanza kwa kosa letu.

Wengi wenu mwakumbuka kijitabu kimoja cha miaka iliyopita. Jalada lake lilikuwa na picha ya mtu akivuka barabara karibu na soko kwa mikono, ndala amezivaa viganjani. Mpiga picha alikuwa amesimama, naye akaelekeza kamera chini, hata uso wa mtu yule haukuonekana vema. Kilichoonekana ni mgongo, vumbi, na miguu iliyopooza. Chini ya picha tuliandika: "Asiyejiweza, angoja msaada wako." Hatukumwuliza. Hatukutaka hata kulijua jina lake. Tuliiona picha kuwa njema kwa sababu ilitia huruma, na kwa kweli michango ililetwa.

Mwezi haukwisha, mtu yule akaja ofisini petu kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile iendeshwayo kwa mikono. Akakiweka kijitabu juu ya meza. Hakupaza sauti. Alisema: "Ninyi mwanijua. Mimi ni fundi viatu, na viatu vya wawili kati yenu hapa nimevishona mimi. Nina watoto watatu, nawalisha kwa kazi yangu. Siku ile mnyororo wa baiskeli ulikatika, nikavuka barabara kwa mikono kumtafuta fundi wa kuutengeneza. Mmezitwaa dakika tano za maisha yangu, mkanipa kuwa jina. Binti yangu alionyeshwa kijitabu hiki na wenzake shuleni, akarudi nyumbani asile."

Tulinyamaza. Kisha, alipokuwa akigeuza baiskeli yake kwenda zake, akasema neno ambalo halijatutoka mpaka leo: "Mngeniambia, ningevaa koti."

Wazee wetu, neno hilo la koti ndilo lililotufanya tufikiri. Mwazikumbuka siku za studio. Mtu alipotaka kupigwa picha alioga, akavaa nguo zake za siku kuu, akaazima saa ya mkononi kama hana, akaenda studio. Huko alichagua pazia la kusimama mbele yake, akachagua kiti, akaambiwa inua kidevu kidogo. Alilipa fedha yake, akangoja siku kadhaa picha isafishwe, akaitia katika fremu, akaitundika sebuleni au akaipeleka kwa mama yake kijijini. Picha ilikuwa mali ya aliyepigwa. Alionekana kama alivyotaka kuonekana, wala hakuna aliyesema kwamba anadanganya.

Lakini je, ni wangapi kati yetu waliompeleka studio mtoto mwenye miguu iliyopooza? Tujibu kwa kweli: ni wachache. Nyumba nyingi zina picha ya ukoo mzima, babu katikati na wajukuu chini, na mmoja hayumo. Alibaki nyuma ya nyumba mpaka mpiga picha alipokwenda zake. Na yule yule aliyefichwa na jamaa zake, alipokuja mgeni na kamera akitafuta jambo la kuhuzunisha, ndiye aliyetolewa nje akapigwa picha. Mwenye mwili mzima alipigwa picha kwa kutaka kwake. Mwenye ulemavu alipigwa kwa kutaka kwa wengine. Hivyo makosa ni mawili, kuficha na kuanika, na yote mawili yamezaliwa na jambo moja: mwenye mwili hakuulizwa.

Makosa haya si yetu peke yetu, wala si mapya. Katika mwaka 1916 Mmarekani mmoja, Paul Strand, alipiga picha katika barabara za New York. Alitumia kamera iliyotengenezwa kwa hila, ionekane kwamba inaelekea upande mwingine, ili mwenye kupigwa asijue. Kwa namna hiyo alimpiga mwanamke mchuuzi ambaye shingoni alikuwa amevaa kibao kilichoandikwa kwamba ni kipofu. Picha hiyo imesifiwa sana na mabingwa wa sanaa, na imo katika vitabu vingi. Hatukatai sifa za ufundi wake. Lakini twauliza: yule mama alijua? Jina la mpiga picha lajulikana ulimwenguni, naye mwenye uso ajulikana kwa lile neno la kibao tu.

Kosa la pili, la kuficha, laonekana katika habari za mkubwa wa nchi hiyo hiyo. Franklin Roosevelt alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1921, naye alikuwa Rais wa Marekani tangu 1933 hata alipofariki mwaka 1945. Muda wote huo watu wake walijitahidi asipigwe picha akiwa katika kiti cha magurudumu, na picha za namna hiyo zilizobaki ni chache mno. Ukumbusho wake ulipofunguliwa mjini Washington mwaka 1997, watu wenye ulemavu walilalamika ya kwamba kiti chake hakionyeshwi waziwazi. Mwaka 2001 ikaongezwa sanamu nyingine, Rais ameketi katika kiti chake cha magurudumu, kila apitaye aione. Kilichofichwa miaka mingi kama aibu, wenyewe walikidai kama haki.

Hapa kwetu tunao mfano ulio mwema kuliko huo. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza macho yake mwaka 1995. Mwaka 2000 alikwenda Sydney katika Michezo ya Olimpiki ya walemavu, akashinda mbio za mita 5,000. Mkimbiaji asiyeona hukimbia pamoja na kiongozi wake, mikono yao imeunganishwa kwa kamba fupi. Mpiga picha akimkata yule kiongozi ili mshindi aonekane peke yake, amesema uongo. Akiipiga ile kamba peke yake, mshindi asionekane, amesema uongo mwingine. Picha ya kweli ina mtu mzima, na kamba yake, na mwenzake, na mbio anazozikimbia.

Baadhi yenu mtauliza: je, jambo hili ni la adabu tu, au lina sheria? Lina sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 28, yasema kila mtu ana heshima ya utu na haki ya heshima hiyo kulindwa. Kifungu cha 31 chalinda faragha ya kila mtu. Na Kifungu cha 54 chawataja wenye ulemavu wenyewe: watendewe kwa heshima, na waitwe na kutajwa kwa namna isiyowadunisha. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha ya mtu ajulikanaye ni habari yake. Tukiitumia kwa ridhaa yake, ni juu yetu kuthibitisha kwamba aliridhia, naye ana haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Na kwa mtoto, ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi wake. Wasidhani wenzetu kwamba maneno haya yamelala katika karatasi. Mwaka 2023 shule moja ya nchi hii ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Chama chetu hakina fedha hizo, na hata kingekuwa nazo, zina kazi nyingine.

Lakini sheria ni ukuta wa nje. Ndani ya nyumba kuna jambo zito zaidi, nalo ni hili: ridhaa ya mtu haiishi milele. Katika mwaka 1971 mpiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen walikwenda kukaa Minamata, nchini Japani, mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimemwaga sumu ya zebaki baharini, na watu waliokula samaki wakapata madhara makubwa. Smith alimpiga picha mama akimwogesha binti yake, ambaye sumu ilimpata tangu tumboni na viungo vyake vikapindika. Wazazi waliridhia, kwa kuwa walitaka ulimwengu ujue walilotendewa. Na ulimwengu ulijua. Picha ile ilifanya kazi ambayo maneno mengi hayakuifanya, na katika ile mikono ya mama na yale macho yake amtazamavyo mwanawe, upendo waonekana kabla ya ulemavu.

Binti yule alifariki mwaka 1977, mwenye umri wa miaka 21. Picha yake ikaendelea kuchapwa mwaka hata mwaka. Ikafika wakati wazazi wakaona imetosha. Walitaka mtoto wao apumzike. Mwaka 1998 Aileen Smith, aliyekuwa na haki za picha hiyo, aliurudisha uamuzi mikononi mwa wazazi, isitolewe tena katika machapisho mapya. Fikirini, wenzetu. Picha ilikuwa ya kweli, ilipigwa kwa ridhaa, ilileta faida kwa watu wengi, na hata hivyo ikafika siku ya kuuliza upya. Ikiwa picha kubwa kama hiyo ilirudishwa kwa wenyewe, ya kwetu sisi ni nini?

Sasa twataka kusema machache juu ya namna ya kupiga picha zenyewe, maana siku hizi kila mwanachama ana simu, na kila mwenye simu ni mpiga picha.

Kwanza, salimu kabla ya kutoa simu mfukoni. Sema wewe ni nani, picha ni ya nini, na itaonekana wapi. Mwambie ya kwamba akikataa, msaada wake wa chama hautapungua hata senti moja. Kwa kuwa mtu aliyekuja kuomba kiti cha magurudumu hawezi kumkatalia kwa urahisi yule aliyekishika. Ridhaa itolewayo mbele ya gunia la unga si ridhaa.

Pili, shuka. Aliyeketi katika kiti cha magurudumu apigwe na mtu aliyepiga goti au kuketi, kamera ikiwa sawa na macho yake. Ukisimama juu yake, hata mzee wa heshima utamfanya aonekane mtoto anayeomba.

Tatu, rudi nyuma hatua mbili. Kioo cha simu huona mahali papana. Ukimkaribia mtu mno, kiungo kilicho karibu hukuzwa kupita kiasi, na mkono au mguu wenye ulemavu huonekana mkubwa kuliko mtu mwenyewe. Na mwanga mkali utokao upande mmoja huchimba kila kovu. Mweke katika kivuli chepesi, penye mwanga mtulivu.

Nne, usikiguse kiti cha mtu, wala gongo lake, wala mguu wake wa bandia, ila kwa ruhusa. Kiti ni kama sehemu ya mwili wake. Kukisukuma bila kusema ni sawa na kumshika mtu kiunoni ukamsogeza. Usiviondoe vitu hivyo ili "apendeze", wala usivisogeze mbele ili "ieleweke". Mwulize mwenyewe.

Tano, mjue unayempiga. Mwenye ualbino macho yake huumizwa na jua kali, basi usimwelekeze kwenye jua kisha ukamlaumu kwamba amekunja uso. Mwenye viungo vinavyocheza vyenyewe mpe nafasi, usimshtue kwa taa ya ghafula, piga picha nyingi, na yeye achague. Asiyesikia umtazame yeye unaposema, wala si mkalimani wake, na usiufiche mdomo wako nyuma ya kamera ikiwa huyasoma maneno midomoni. Asiyeona mweleze picha ina nini: umesimama hapa, nyuma yako pana mti, unacheka. Ni picha yake. Ana haki ya kuijua.

Sita, mpe nakala, ya karatasi, isafishwe vizuri. Na hapa ndipo penye kipimo chetu chote. Kabla ya kuichapa picha yoyote tujiulize: mwenyewe angeitundika sebuleni kwake? Kama jibu ni hapana, haifai kutundikwa kwetu pia.

Yako pia maneno yaandikwayo chini ya picha. Wazee wetu walisema kiwete, kipofu, kiziwi, na kwa maneno hayo Kiswahili kikamweka mtu katika ngeli moja na kiti na kisu. Lakini sikilizeni yafuatayo: tukisema kipofu, hatusemi "kipofu kimekuja", twasema "kipofu amekuja". Jina lilimshusha, kitendo kikampandisha. Lugha yenyewe ilikataa kusahau kwamba huyu ni mtu. Nasi leo twasema mtu mwenye ulemavu, tuanze na mtu. Na lililo bora zaidi ni kumwandika kama tunavyomwandika mwingine yeyote: jina lake akiliruhusu, kazi yake, na alilolisema mwenyewe.

Twajua kuna wenzetu, tena wenye nia njema, watakaosema: "Picha ya koti haifungui mifuko. Mtoaji asipoona shida, hatoi." Neno hili si la kudharauliwa, kwa maana mahitaji ya chama ni makubwa. Hatusemi shida ifichwe. Ngazi za ofisi ya serikali zisizo na njia ya kiti cha magurudumu, na zipigwe picha. Mtoto aliyefika darasani kwa kubebwa mgongoni na ndugu yake kwa kuwa hakuna gari la kumchukua, hiyo ni habari, na ikiwa yeye na wazazi wake wataka isemwe, isemwe. Lakini lengo la kamera na liwe kizuizi, wala si kiungo cha mtu. Huruma inayopatikana kwa kumvua mtu heshima yake huleta shilingi leo, na kesho humfanya jirani yake asimpe kazi, kwa kuwa tulimwonyesha kama asiyejiweza. Tutakuwa tumejenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto.

Tena tusisahau methali yetu: hujafa hujaumbika. Baiskeli, moto wa jikoni, kisukari, uzee wenyewe, vyaweza kumleta yeyote kati yetu upande wa pili wa kamera. Siku hiyo kila mmoja atataka aulizwe kwanza, naye atataka apewe muda wa kuvaa koti.

Kwa hiyo kamati imekata shauri, na yaomba kibali chenu katika mkutano huu, kwamba tangu sasa picha ya mtu isichapwe na chama bila yeye kuridhia kwa maandishi au mbele ya shahidi. Kwamba ridhaa hiyo iwe ya mwaka mmoja, kisha aulizwe tena. Na kwamba picha zote za zamani zisizo na ridhaa zitolewe ukumbini.

Tumalizie kwa yule fundi viatu, ambaye ameturuhusu kuyasema haya bila kumtaja. Tulikwenda kwake kuomba radhi, tukamwomba, akipenda, apigwe picha nyingine. Alituambia turudi Jumamosi. Tulipofika tulimkuta amevaa koti, ameketi kwenye benchi lake la kazi, kiatu mkononi na sindano tayari. Tulidhani atataka baiskeli ya magurudumu matatu iondolewe. Kumbe alikuwa ameiosha tangu alfajiri. "Iwekeni hapa mbele ionekane," alisema. "Niliinunua kwa fedha yangu."

Picha ile ilikaa katika kijitabu chetu kilichofuata, na nakala yake i nyumbani kwake ukutani. Mwaka huu tulimwendea tena kuuliza kama twaweza kuitumia mara ya pili. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwaka huu hapana. Wekeni ya mtu mwingine." Hakutoa sababu, nasi hatukuiuliza. Ndiyo maana, Mabibi na Mabwana, picha hiyo hamtaiona katika kijitabu mlicho nacho mikononi.